Kosa la Mizani na Namna ya Kuishi Nalo

Mizani iliyo mezani kwangu inakosea kila siku, na sina ugomvi nayo. Ni ya kidijitali, ni safi, imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na stika ya mwaka huu ipo ubavuni. Shida ni kwamba tarakimu yake ya mwisho ni sehemu ya mia ya gramu, na chini ya hapo ni kipofu. Ikisoma gramu 0.05, yaani miligramu 50, huenda ukweli ni 45, huenda ni 55, na pangaboi likipuliza kidogo tu inaruka tarakimu nzima ikasoma 0.04 au 0.06. Kwa muuza sukari, tofauti hiyo ni chembe chache ambazo hata sisimizi hawatazigombania. Kwa mtoto wa kilo nne mwenye ugonjwa wa moyo, miligramu kumi yaweza kuwa dozi yake ya siku nzima.

Mimi ni mfamasia wa hospitali ya mkoa, huku pwani ya kaskazini mwa Tanzania. Wagonjwa wanaofika dirishani kwetu huona rafu za maboksi, wakaamini kwamba dawa zote hutoka kiwandani zikiwa tayari. Nyingi hutoka huko kweli. Lakini nyuma ya rafu kuna chumba chenye kinu na mchi, silinda za kioo, meza nzito ya zege, na mizani hiyo ninayoisema. Humo tunatengeneza vile ambavyo kiwanda hakituletei: dawa ya maji ya moyo kwa kichanga, maana kidonge kilichopo kimetengenezwa kwa mtu mzima, dawa ya maji ya selimundu kwa mtoto asiyeweza kumeza kapsuli, marhamu ya Whitfield kwa fangasi wa ngozi, yenye asilimia 6 ya asidi ya benzoiki na asilimia 3 ya asidi ya salisili. Wenzetu wa Moshi wamefika mbali zaidi. Pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa Kilisun, losheni ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino.

Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hudhani kazi hii inataka mkono mwepesi na macho makali. Inavitaka vyote viwili. Ila kinachotangulia ni kukubali kwamba kila chombo kinakosea, kujua kinakosea kwa kiasi gani, kisha kuipanga kazi ili kosa hilo liangukie mahali lisipomdhuru mtu. Kijana akiniambia mizani yake haikosei, simwachii ufunguo wa chumba.

Hesabu yake si ngumu. Unaamua kwanza kosa gani unalivumilia. Kwa kazi yetu ya kawaida tunasema asilimia 5. Kama mizani inaweza kupotoka kwa miligramu 10, unajiuliza: miligramu 10 ni asilimia 5 ya nini? Ni ya 200. Basi chini ya miligramu 200 mizani hii haina ruhusa ya kupima kitu, hata kama kioo chake kinaonyesha namba nzuri. Wafamasia wa Marekani wa enzi ya mizani za mikono miwili walikuwa na hesabu hiyohiyo. Mizani yao iliyokubalika kisheria haikuhisi mabadiliko yaliyo chini ya miligramu 6, kwa hiyo kikomo chao kilikuwa 120, na kila mwanafunzi aliikariri namba hiyo kabla ya kukabidhiwa mchi.

Sasa daktari wa watoto ameandika kitu kinachotaka miligramu 50 za unga, na sina mizani nyingine. Nafanya nini? Napima kingi, kisha namega. Napima miligramu 200 za dawa, kiwango ambacho mizani yangu inakiweza. Naongeza miligramu 1,800 za laktosi, ile sukari ya maziwa isiyo na kazi yoyote mwilini zaidi ya kujaza. Mchanganyiko wote sasa una miligramu 2,000, na sehemu moja katika kila kumi ni dawa. Nikimega miligramu 500 za mchanganyiko, ndani yake nina 50 zangu. Kosa la miligramu 10 limebaki kuwa lilelile, sikulipunguza hata kidogo; nimelilazimisha tu likae juu ya kitu kikubwa.

Lakini ujanja huo una mlango wa nyuma. Unasimama endapo dawa imesambaa sawasawa ndani ya laktosi, na unga hausambai kwa kukorogwa ovyo. Hapa huwa naweka vitabu pembeni na kuwaletea vijana bizari ya manjano na unga wa sembe. Mmoja anamimina kijiko kidogo cha manjano ndani ya bakuli zima la sembe na kukoroga kwa bidii. Mwingine anaanza na manjano peke yake kinuni, anaongeza sembe ya ujazo uleule, anasaga mpaka rangi iwe moja, anaongeza tena sembe inayolingana na kilichomo kinuni, anasaga, na kuendelea hivyo, kila mara maradufu. Bakuli la kwanza hutoka na mistari na vidonge vya rangi. La pili hutoka na rangi moja kuanzia juu mpaka chini. Dawa nyingi ni nyeupe na laktosi ni nyeupe, kwa hiyo ile mistari ya bakuli la kwanza ipo ila huioni. Ukimega pale penye mstari umempa mtoto mara tatu. Ukimega pembeni, umempa sukari tupu.

Mizani nayo ina tabia zake, na nyingine zinashangaza. Mizani ya mikono miwili inalinganisha kitu na jiwe, na dunia inavuta pande zote mbili kwa nguvu ileile, kwa hiyo haijali ipo nchi gani. Ya kielektroniki inapima mvuto wenyewe, halafu inaugeuza kuwa gramu. Mvuto wa dunia hauko sawa kila mahali: karibu na ikweta ni hafifu kuliko kaskazini mwa Ulaya. Mizani iliyowekwa sawa Ujerumani, ikafunguliwa boksi Tanga na kuwashwa bila kurekebishwa, italiona jiwe la gramu 100 kuwa takriban gramu 99.7. Haijaharibika na wala haikudondoshwa bandarini. Bado inadhani iko Ujerumani. Hata kupanda nayo kutoka Tanga mpaka Lushoto, mita 1,400 juu ya bahari, kunatosha kubadilisha usomaji wa jiwe la gramu 200 kwa sehemu chache za mia za gramu. Ndiyo maana jiwe la mizani lina sanduku lake, linashikwa kwa koleo na kamwe si kwa vidole vyenye jasho, na asubuhi ndilo linalopanda mizani kabla ya unga wowote.

Yapo mengine ya kila siku ambayo mzee aliyenipokea kazini aliyasimamia kama sheria za msikiti. Mizani isihamishwe ovyo. Kipovu cha pimamaji kiwe katikati ya duara. Iwashwe nusu saa kabla ya kazi ili ipate joto. Pangaboi lizimwe, na kiyoyozi kisipulize mezani. Chombo kilichotoka motoni kisipimwe kabla hakijapoa, maana hewa ya moto inayopanda kando yake hukinyanyua na uzito unasoma pungufu. Nilipokuwa mgeni niliona anazidisha, mpaka msimu wa masika ulipofika. Hewa ya pwani wakati huo imejaa unyevu, na upo unga unaoufyonza hewani huku ukiuangalia: unaweka gramu 2.00, unageuka kuchukua karatasi, unarudi unakuta 2.03, na bado inapanda. Kilichoongezeka ni maji. Dawa ni ileile, lakini ukipunguza unga ili urudi kwenye 2.00 umempunguzia mgonjwa dawa, ukambakizia maji. Unga wa namna hiyo tunaupima haraka, kopo linafunguliwa mara moja na kufungwa palepale.

Jambo la maji ndani ya unga linanileta kwenye kosa ambalo mizani bora kuliko zote duniani haiwezi kuligundua. Magnesiamu salfeti huuzwa kwa sura mbili. Ile ya fuwele, ambayo wengi huijua kama chumvi ya haluli, imebeba maji ndani ya fuwele zake, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji hayo. Nyingine imekaushwa kabisa. Fomula ikitaka gramu 10 za ile ya fuwele, nawe ukapima gramu 10 za iliyokaushwa, umepima kwa usahihi kabisa kitu chenye nguvu mara mbili. Glukosi ya kutengenezea maji ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini ina mtego huohuo, ingawa mdogo. Fomula ya Shirika la Afya Duniani inataka gramu 13.5 za glukosi kavu kwa kila lita. Ukiwa na ile yenye maji unahitaji kama gramu 14.85. Kwa hiyo kabla ya kupima tunasoma lebo ya kopo mpaka herufi ndogo za chini, na tunaisoma tena wakati wa kulirudisha kopo rafuni.

Vidonge pia. Kidonge cha spironolaktoni, dawa ya moyo, cha miligramu 25 hakina uzito wa miligramu 25. Kina wanga, kina gundi, kina rangi, na mezani kinaweza kusoma 180. Tukitaka kutengeneza dawa ya maji kutokana na vidonge, tunapima vidonge ishirini kwa pamoja, tunapata wastani wa kimoja, kisha tunasaga na kuchukua unga kwa uzito unaobeba dawa tunayoihitaji. Mtu anayekata kidonge kwa wembe nyumbani, nusu asubuhi nusu jioni, mara nyingi ana nusu moja nzito na nyingine nyepesi, ukiacha unga uliobaki kwenye wembe. Kwa vidonge vingi vya watu wazima hilo halina madhara, leo pungufu, kesho ziada, mwili unasawazisha. Kwa kichanga nisingekubali.

Tuje kwenye vimiminika. Maji ndani ya silinda ya kioo hayalali bapa. Yanapanda kidogo kandokando na kubonyea katikati. Tunasoma chini ya ule mbonyeo, jicho likiwa usawa wa maji na silinda ikiwa mezani. Ukiinyanyua mkononi, inalala upande, na wewe unasoma unachotaka kukiona. Kisha uchague chombo kinacholingana na kazi: kupima mililita 5 kwenye silinda ya mililita 100 ni sawa na kupima miligramu 50 kwenye mizani yangu. Mstari mmoja wa kosa unakula sehemu kubwa ya kipimo chenyewe.

Halafu kuna tabia ya vimiminika ambayo niliwahi kubishana juu yake na mhasibu wa hospitali. Ilikuwa 2020, vitakasa mikono havipatikani kwa pesa wala kwa maombi, tukaanza kutengeneza vyetu kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, kisha maji safi hadi ifike lita 10. Mhasibu alichukua kikokotoo, akajumlisha tatu za kwanza, akatoa kwenye 10,000, akapata 1,105. Akasema niandike maji mililita 1,105, basi, kwa nini naandika kwa mafumbo? Nilichukua silinda, nikachanganya mbele yake mililita 50 za spiriti na 50 za maji. Tulipata kama 96. Alichungulia sakafuni kutafuta zilizomwagika. Hakuna kilichomwagika, chembe za maji na za spiriti zikikutana hubanana zaidi kuliko kila moja ilipokuwa peke yake. Kwa hiyo ukiweka maji uliyoyahesabu kwenye karatasi, pipa lako halifiki lita 10. Fomula inasema jazia hadi mstari, nasi tunajazia hadi mstari, baada ya mchanganyiko kutulia na kupoa. Kupoa kuna maana, kwa sababu silinda nyingi zimewekewa alama kwa joto la nyuzi 20 na chumba chetu mchana wa Januari kina zaidi ya 30. Spiriti hutanuka kwa karibu asilimia moja kwa kila nyuzi kumi.

Nilisema kosa lilazimishwe likae juu ya kitu kikubwa. Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua uko Uganda. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wagonjwa wa saratani walihitaji dawa ya maumivu ya bei nafuu, na jibu likawa mofini ya maji inayotengenezwa kutokana na unga. Unga, maji, kihifadhi, rangi. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road inafanya kazi ya namna hiyo. Dawa hafifu ina miligramu 5 ndani ya mililita 5, maana yake lita 10 zinahitaji gramu 10 za unga. Kwenye gramu 10, kosa la mizani kama yangu ni sehemu moja ya elfu. Limeisha nguvu. Kichanga kimoja kwa mizani yangu ni hatari, pipa zima la mofini ni salama.

Ila pipa lina hatari yake, na Waganda waliiona mapema. Dawa yao inatengenezwa kwa nguvu tatu: miligramu 5, 50 na 100 katika kila mililita 5. Zote ni maji matupu kwa macho. Mtu akichukua ya tatu akidhani ni ya kwanza amempa mgonjwa mara ishirini. Wakaweka rangi: kijani kwa hafifu, waridi kwa ya kati, bluu kwa kali. Nesi aliyechoka usiku anaweza asisome namba, lakini rangi ataiona. Mizani haikuhusika hapo kabisa, na bado ni sehemu ya kupima.

Kwamba vipimo vinaweza kuwa sahihi na mtoto akafa, Waingereza walijifunza mwaka 1998. Mtoto mchanga mwenye msokoto wa tumbo aliandikiwa maji ya pepaminti, dawa ya kienyeji kabisa kwao, ya kuchanganywa dukani. Fomula ilitaka maji ya klorofomu ya nguvu maradufu. Rafuni palikuwa na chupa ya maji ya klorofomu yaliyokolezwa, ambayo yanapaswa kuzimuliwa mara arobaini kabla ya matumizi. Yakamiminwa hayo, kwa ujazo ulioandikwa. Arobaini ukigawa kwa mbili unapata ishirini: mara ishirini ya klorofomu iliyotakiwa. Mwanafunzi aliyechanganya na mfamasia aliyemsimamia walifikishwa mahakamani na kutozwa faini, na wafamasia wa Uingereza wakaanza kuuliza kwa uzito kama dawa ya namna hiyo inafaa kabisa kutengenezwa kaunta. Mimi huwasimulia vijana kisa hiki wakati wakishika silinda kwa mara ya kwanza. Huwa wanatarajia niseme yule mwanafunzi alisoma mstari vibaya. Mstari aliusoma sawa.

Ndiyo sababu kwetu anayepima hasaini peke yake. Mtu wa pili anasoma kopo, anasoma kioo cha mizani, anafanya hesabu yake upya bila kuangalia ya mwenzake, ndipo anaweka sahihi kwenye daftari. Kuangalia karatasi ya mwenzako na kusema "sawa" si kuhakiki. Jicho hukubali kinachotarajiwa.

Hayo yote ni ya chumbani kwangu. Nikiwa mkweli, makosa makubwa yanatokea nje ya mlango wangu, kwenye mizani ambazo siziamuru.

La kwanza ni uzito wa mtoto. Dozi ya dawa ya selimundu, haidroksiurea, huanza na miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya mwili. Kilo hizo zinatoka kliniki, kwenye mizani ya kuning'iniza ya Salter, kilo 25 zikiwa zimegawanywa kwa alama za gramu 100. Ile suruali ya kupimia inatakiwa itundikwe kwanza tupu, mshale urudishwe sifuri, ndipo mtoto avuliwe nguo na kuwekwa. Asubuhi yenye foleni ya akina mama sitini, mtoto anapandishwa na sweta, nepi iliyoloa na viatu, anarusha miguu, mshale unacheza, nesi anachukua namba ya katikati. Nusu kilo ya ziada kwa mtoto wa kilo nne ni zaidi ya asilimia 12. Mimi nimehangaika kutwa nzima na asilimia 5 zangu, kumbe nimepewa mwanzo uliopinda. Siku hizi kwa dawa za moyo na za selimundu naomba mtoto apimwe upya, akiwa mtupu. Wengine wananiona msumbufu.

La pili ni kijiko.

"Dokta, nampa kijiko kimoja cha chai, siyo?" mama mmoja aliniuliza wiki chache zilizopita, akiwa amempakata mwanawe mwenye selimundu.

"Kijiko gani, mama?"

"Si hiki cha nyumbani tu."

Nina droo yenye vijiko vya chai vya kila namna, nilivyoviokota kwa mama ntilie, kwa shemeji zangu, na viwili vya shangazi vilivyotoka Oman. Nilimpa bomba la sindano lisilo na sindano, nikamwambia ajaze kila kijiko maji kwa bomba hilo na kusoma mwenyewe. Kimoja kilifurika kwenye mililita 3. Kingine kilipita 6. Alicheka, kisha akauliza swali ambalo wengi hawaulizi: "Sasa tulivyokuwa tunampa parasetamoli miaka yote hii?" Kwa parasetamoli ya maji nafasi ya kosa ni pana kidogo, nikamwambia, ndiyo maana hakuona kitu. Dawa ya selimundu ni kali kwa chembe za damu. Kwa hiyo bomba, tena litumike bila sindano, kifuniko chake kidogo kitupwe mbali na mtoto, lioshwe kwa maji na kukaushwa.

Na kila mzazi ameshakuwa mchanganyaji wa dawa bila kuitwa hivyo. Amoksilini ya unga kwenye chupa, ya kuongezwa maji nyumbani, ni kazi yangu iliyohamishiwa jikoni kwake. Gonga chupa kwanza ili unga ulegee. Weka maji yaliyochemshwa na kupoa, kama nusu hivi. Tikisa mpaka unga wote ulowe, subiri povu litulie, ndipo uongeze hadi mstari. Anayejaza mara moja mpaka povu lifike kwenye mstari, povu likishuka maji yapo chini ya alama, na dawa yote ya siku hizo ni kali kuliko ilivyoandikwa. Halafu chupa itikiswe kila mara kabla ya kumpa mtoto. Unga huzama, asiyetikisa humpa mtoto maji ya rangi siku za mwanzo na tope siku za mwisho. Maji ya chumvi na sukari ya nyumbani, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, nayo yana sharti lake: kijiko kilichosawazishwa, kisiwe cha lundo, na hasa kile cha chumvi. Sukari ikizidi kidogo tatizo ni dogo kuliko chumvi ikizidi. Pakiti zikiwepo, tumieni pakiti.

Kuna moja ambalo bado linaninyima raha, na hili halitatuliwi na mizani wala bomba. Spironolaktoni ya watoto tunaitengeneza kwa nguvu ya miligramu 5 kwa mililita. Hospitali nyingine tunayopokezana nayo wagonjwa huitengeneza kwa 2.5. Kila upande una fomula yake, kila upande una lebo safi. Mama akihamia kwa dada yake upande wa pili akaulizwa mtoto anatumia kiasi gani, atajibu alivyozoea: mililita moja. Hajakosea. Namba yake imebadilika maana njiani, ndani ya basi. Wafamasia wa jimbo la Michigan, Marekani, walikuta fujo ya namna hiyohiyo, dawa moja ya watoto ikitengenezwa kwa nguvu kadhaa na maduka tofauti, wakatoa orodha ya jimbo zima yenye nguvu moja kwa kila dawa, ili wote waifuate.

Kikao cha wafamasia wa mkoa wetu ni mwezi ujao, na nimeiweka spironolaktoni juu ya orodha. Mimi naitaka 5. Mwenzangu wa upande wa pili anaitaka 2.5 na hoja yake si ya kiburi. Kichanga wa miligramu 2, kwa dawa yangu, atapimiwa mililita 0.4, na bomba dogo kabisa ambalo akina mama wa huko kwake wanapata ni la mililita 2, ambalo kwa kipimo hicho ni kama mizani yangu chini ya 200. Kwa dawa yake atapimiwa 0.8, na mkono wa mama utakosea kidogo zaidi. Nimeshamwambia kwamba nikipata mabomba ya mililita 1 ya kuwagawia wote hoja yake inaanguka, naye amesema niyaonyeshe kwanza. Oda imeenda Bohari ya Dawa wiki hii; yasipofika kabla ya kikao, tutaandika 2.5.